Miaka Tisa ya Mwalimu Wangu

Vita vilipokwisha tuliambiwa kwamba walimu waliotumikia miaka mingi wangepata nyongeza ya mshahara. Katika shule yetu ya misheni pale Changamwe aliyestahili alikuwa mmoja tu, mzee aliyenifundisha nikiwa mtoto na ambaye sasa tulifundisha pamoja. Mimi nilikuwa na cheti, yeye hakuwa nacho. Mshahara wangu ulishaanza kuukaribia wake, na jambo hilo lilinitia haya kila mwisho wa mwezi.

Kikwazo kilikuwa miaka yake tisa ya mwanzo, alipofundisha kwenye banda la makuti huko Chaani. Madaftari ya mahudhurio ya siku zile yaliliwa na mchwa. Bila miaka hiyo asingefikia muda uliotakiwa, na kustaafu kulikuwa kumekaribia. Afisa wa elimu akataka shahidi. Mwalimu akanitaja mimi, niliyesoma katika banda lile, hata hakufikiri mara mbili.

Afisa alikuja, Mzungu mwenye Kiswahili cha kutosha, akaniuliza kule bandani asubuhi tulikuwa tukifanya nini. Mimi nina ulimi mwepesi, na siku hiyo nilitaka kuwachekesha.

“Asubuhi tukilima shamba la mihogo la Mwalimu, bwana. Mpaka leo jembe nalijua kuliko chaki!”

Afisa akacheka, Mwalimu akacheka, na afisa akaandika. Sikueleza kwamba misheni siku hizo haikuwa na cha kumlipa, na kwamba wazazi wetu wenyewe ndio waliokubaliana tumlimie. Kwetu lilikuwa jambo la kawaida mno, sikuona haja ya kulisema.

Majuma kadhaa baadaye Mwalimu aliniletea barua. Ilikuwa ya Kiingereza, lugha asiyoijua, akataka nimsomee. Ilisema miaka ile tisa haihesabiwi, kwa kuwa shahidi wake mwenyewe ameeleza kwamba watoto walikuwa wakilima. Nilimfasiria neno kwa neno, nikitamani ardhi ipasuke inimeze.

“Nisamehe, Mwalimu. Nitamwandikia leo hii nimweleze.”

“Hukusema urongo, mwanangu. Mlilima kweli. Na kusoma je? Ulifundishwa na nani?”

Barua ilikuwa bado mkononi mwangu. Nikaangua kilio mbele yake, mtu mzima mimi, na cheti changu.