Kibuyu cha Kurudi Nyumbani

Nyanda alikuwa mfugaji wa Usangu, na mfugaji kukaa Mbeya mjini bila hata mbuzi ni adhabu. Lakini angefanyaje? Figo zake zilikufa, serikali ikampeleka ng'ambo pamoja na dada yake Shija, na Shija akampa figo yake moja. Tangu warudi, mwaka wa sabini na sita, Nyanda alipanga chumba karibu na hospitali, apimwe damu na mkojo kila wiki.

"Mwili wako haumtaki mgeni huyu," daktari alimweleza. "Vidonge hivi vinawafunga mbwa wa boma wasimng'ate. Lakini mbwa wakifungwa, fisi naye hupita. Kwa hiyo zizini usikanyage, na maziwa mabichi usiguse."

Zizini asikanyage! Nyanda alitamani harufu ya samadi kama wengine wanavyotamani nyama. Asubuhi za ukungu, ng'ombe wa jirani akilia, alisimama dirishani mpaka uji ukapoa. Hamu hiyo ndiyo iliyomponza. Vidonge vilimjaza mashavu; akajitazama kwenye kioo, akasema mtu aliyenenepa hivi amepona, wacha arudi kwao. Akaviacha. Homa ikamwangusha kabla hajafunga mzigo, mkojo ukapungua, na figo ya Shija ikaponea chupuchupu.

Mwaka uliofuata daktari alimruhusu aende kusalimia tu, akafuatana na Shija. Mama yake alipoyaona yale mashavu alipiga vigelegele.

"Mwanangu amenawiri! Dawa za nini tena?"

Akamletea kibuyu cha maziwa yaliyokamuliwa saa ile ile. Kwao, aliyerudi kutoka mbali hunywa mlangoni pa zizi, mbele ya wazee wa ukoo. Asiyekunywa amejitenga.

"Mayu, yachemshwe kwanza," Nyanda alimwomba mama yake.

"Ya kuchemsha ni ya mgeni. Wewe mgeni hapa?"

Mama alimsogezea kibuyu. Povu la maziwa lilikuwa bado halijatulia. Nyanda aliwaza kwao, akawaza chumba cha Mbeya, akakipokea kibuyu kwa mikono miwili. Alikuwa karibu kunywa, na nani angemlaumu?

Shija akamnyang'anya. Akayanywa yote, akajifuta mdomo.

"Figo yangu imo ndani yake," aliwaambia wazee. "Nikinywa mimi, amekunywa yeye. Nani anabisha?"

Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Mama alilia, kisha akacheka. Nyanda alikisogeza kibuyu kitupu puani, akavuta ile harufu kwa muda mrefu, halafu akaomba maji yaliyochemshwa ameze vidonge vyake.