Hukumu Yangu na Nyumba za Bondeni

Nimekuwa wakili hapa Kisangani tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimegombana na watu wenye diploma ukutani ambao hawajui kwamba maji huteremka. Mtoto anajua. Kuku anajua, ndiyo maana mvua ikianza hukimbilia mahali pa juu. Lakini mpe mtu kiti cha kuzunguka na muhuri mezani, na elimu hiyo humtoka mara moja.

Nyuma ya mtaa wetu kulikuwa na bonde. Mvua yote ya upande ule ilishuka humo ikaenda kuingia mto Tshopo. Papa yangu, aliyekuja mjini kutoka Maniema akiwa kijana, alitukataza kulikanyaga wingu likiwa jeusi. Kwenye ramani ya mji bonde lilipakwa rangi ya kijani, maana yake mtu asijenge. Kisha siku moja nikaona vigingi vimesimikwa, na kamba imevutwa kutoka kigingi hadi kigingi.

Nilikwenda kumwona mkuu wa ofisi iliyogawa viwanja hivyo. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti laini, na aliniita mama wakili ingawa tulilingana umri.

“Maman Maître, ile ramani haiko,” aliniambia. “Ilipoteaka wakati ya vita.”

“Kama haiko, munagawa viwanja kwa kufuata nini?”

“Tunafuata mahitaji ya raia.”

Alilisema hilo bila kupepesa jicho. Nimekutana na waongo wengi kortini, na wengine nimewatetea, lakini mwongo mwenye kipaji hujisumbua kidogo. Huyu hata kujisumbua hakujisumbua.

Nikapanda toleka, baiskeli ya abiria, nikaenda upande wa Simi-Simi kwa mzee mmoja aliyekuwa mpimaji ardhi wa serikali kabla ya kustaafu. Alinisikiliza, akasogeza kabati, akatoa bomba la plastiki. Ndani mlikuwa na ramani, na ile rangi ya kijani bado ilikuwa mbichi kama majani ya pondu.

“Waliniambia niichome,” alisema. “Bon, mimi nikachoma magazeti. Moshi walionaka, wakaridhika.”

Nikafungua kesi kwa niaba ya wakaaji wa mtaa wetu. Mawakili wenzangu walinicheka. Mmoja wao, mtu wa tai nzuri na kiti cha mbele kanisani, alinishauri nichukue na mimi kiwanja kimoja kisha nikae kimya. Alidhani ananionea huruma. Katika mikutano ya maendeleo ya mji nilikaa siku nzima nikisikiliza wataalamu wakisema maneno marefu, wakila kuku, wakipiga makofi. Nilipouliza habari za bonde, mwenye kuongoza kikao alisema swali ni zuri sana. Swali likiitwa zuri sana katika mji huu, ujue limezikwa.

Kesi ilichukua miaka. Jaji alihamishwa, faili likapotea, nikaliandika upya, likapotea tena. Huku bondeni watu walijenga. Bwana mmoja tajiri alijenga ghala, na kando yake ukuta wa zege uliokata njia ya maji kabisa. Juu zaidi zilijengwa nyumba za matofali ya udongo. Moja ilikuwa ya mama muuza samaki, mzaliwa wa familia za wavuvi wa kule kwenye maporomoko. Alinunua kihalali, kama alivyoamini: karatasi yake ilikuwa na mihuri mingi kuliko diploma yangu. Aliposikia kwamba napinga viwanja vile, aliacha kunisalimia. Sokoni alisema kwa sauti, ili nisikie, “Huyu mama wa makaratasi anataka batu balale inje.” Mimi, eti nataka watu walale nje! Nilipita nikimwona mjinga. Hilo nalikumbuka vizuri.

Mwishowe nilishinda. Korti ilisema bonde ni mali ya umma na majengo yote yaondolewe. Nilikwenda nyumbani, nikapika lituma, ndizi za kuponda, nikala na dada zangu, nikajisifu mpaka wakachoka.

Wiki chache baadaye, asubuhi, nilisikia mtaa unapiga kelele. Nilikuta trakta bondeni. Mbele yake alisimama yule yule mkuu wa ofisi, sasa amepandishwa cheo, amevaa kofia ya ujenzi, na mkononi ameshika hukumu yangu. Nyumba mbili za udongo zilikwisha kuanguka. Ya pili ilikuwa ya muuza samaki. Alikuwa akiokota samaki wake wakavu kwenye kifusi, mmoja mmoja, akiwapangusa kwa kitenge.

“Tunatekeleza jugement yako, Maître,” mkuu alisema huku akitabasamu.

“Na ule ukuta?”

“Ule mwenyewe alifanya appel.”

Yule tajiri alikuwa amekata rufaa kwa sababu alikuwa na wakili wa kumwambia kuna kesi. Wenye nyumba za udongo hakuna aliyewaambia. Mimi pia sikuwaambia. Niliishtaki ofisi, nikaandika kurasa nzuri za Kifaransa, nikasahau kwamba katikati ya hoja zangu kulikuwa na vitanda vya watu. Dharau niliyokuwa nikimpa yule mkuu kwa miaka yote, asubuhi ile ilibidi nijikatie na mimi kipande.

Nikamnyang’anya karatasi nikafungua ukurasa wa nne. Nikausoma kwa sauti, kwa Kiswahili, ili wote waelewe: kazi ianze na majengo yanayozuia maji. Dereva wa trakta alizima injini.

“Chef, karatasi inasema ukuta,” alisema. “Donc nianzie wapi?”

“Weye uko dereva ao uko juge?”

Dereva, kwa kuwa hakuwa jaji, alishuka, akaketi kwenye jiwe, akaanza kumenya karanga. Mkuu alipiga simu, akapiga nyingine, jasho likimtoka chini ya kofia. Hakuwa amefika ukurasa wa pili wa kitu alichokuja kukitekeleza. Saa sita trakta liliondoka.

Kesho yake muuza samaki alikuja ofisini kwangu na majirani zake. Hakuketi.

“Ulinivunjia nyumba,” alisema. “Sasa utaniandikia.”

Niliandika. Misimu miwili ya mvua ilipita nikiwadaia viwanja vingine, na nilifanya hivyo bure, kwa sababu hata mimi nina kiwango cha aibu. Walipata kwenye barabara ya Banalia, mbali na mto. Muuza samaki aliniambia samaki hawana miguu ya kumfikia huko. Rufaa ya tajiri ilikataliwa, na ukuta ukatobolewa upana wa milango miwili tu, lakini maji yanapita.

Wakubwa wa mji walilifanyia tundu hilo sherehe. Yule mkuu alihutubu, akajiita papa wa bonde. Aliniita tupigwe picha, nikakataa mbele ya watu. Kofia yake alikuwa ameipangusa vizuri kwa siku hiyo.

Muuza samaki hakuja kwenye sherehe. Alikuwa na kazi. Siku alipoanza kujenga alituma mtu aniite, niende na ramani. Alinitembeza kiwanja chote kwenye jua.

“Maji inapitaka wapi hapa?”

Nikamwonyesha kwenye ramani, nikamwonyesha na ardhini. Alitikisa kichwa, akamwita jirani, mama aliyelima mihogo pale tangu zamani, akamuuliza swali lile lile huku mimi nimesimama. Yule mama akanyoosha mkono upande ule ule niliounyooshea mimi. Ndipo muuza samaki akachukua tofali la kwanza, akalipeleka upande mwingine.