Mchanga Chini ya Bamba

Ijumaa ile fundi alipokwenda kuswali, aliniachia gereji, kompresa iliyojaa upepo, na katazo moja: nisikipige mchanga kifuniko cha juu cha injini mpaka arudi.

Injini ilikuwa ya pikapu ya mama, aliyobebea ndengu kutoka Kyuso miaka mingi. Ilipomfia njiani nilimwahidi nitaifufua. Fundi, mzee ambaye babu yake alitoka pwani akafungua duka Kitui mjini, akakubali nifanye kazi chini yake. Tulishabadilisha pistoni na beringi. Zilibaki sehemu za nje, zilizoganda kutu na oili ya zamani. Hizo tulizirushia mchanga mkavu kwa upepo wa kompresa mpaka chuma kikabaki cheupe, tayari kwa rangi.

Nilikuwa nimemaliza zote isipokuwa kifuniko kile. Nikajiambia, dakika kumi tu. Nikavaa barakoa na miwani, nikakipiga nje na ndani, nikakiosha kwa petroli, nikakipulizia rangi nyeusi.

Fundi aliporudi alikigeuza mkononi. "Hukukipiga mchanga?"

"Nilikisugua kwa msasa."

"Una subira," akasema. Sikuweza kumtazama.

Jumatatu mama alifika. Tukafunga kila kitu, tukamimina oili kupitia kifuniko kile kile, na mama akapanda kwenye usukani, ufunguo mkononi. Fundi alikuwa akifuta mikono huku akimsimulia lori moja la Kiboko.

"Injini mpya kabisa, mama. Ilikufa kabla ya kufika Emali, kwa sababu fundi wake alikipiga mchanga kifuniko cha juu. Ndani ya kifuniko kuna bamba la bati, na mchanga hujificha nyuma yake. Hata uoshe namna gani, hautoki. Oili ikipata moto ndipo inaushusha, na beringi zote zinalika."

Mama akaingiza ufunguo.

"Mama, usiwashe!"

Nilipiga kelele hadi fundi wa jirani akasimamisha kazi yake. Mama alinikodolea macho.

"Nilikipiga mchanga," nikamwambia fundi. "Nilikudanganya."

Fundi alikifungua kifuniko, akang'oa riveti za lile bamba, akakigonga juu ya gazeti. Mchanga ukamwagika, kiasi cha nusu kijiko. Kisha akachovya kidole kwenye oili iliyotapakaa juu ya injini, akakisugua na kidole gumba karibu na sikio langu. Mchanga ulisikika ukikwaruza.

"Na mimi nimewaambia watu wa ndengu kesho nakuja," mama akasema, kwa sauti ndogo kuliko nilivyotarajia. Ningependelea anigombeze.

Fundi akaniwekea boksi la spana miguuni. "Fungua yote."

Nilifungua peke yangu. Siku tatu fundi aliketi kwenye stuli akinitazama, mkono wake haukugusa hata nati moja. Nilisukuma brashi ya waya na mafuta ya taa katika kila kitundu cha oili, nikapuliza, nikarudia. Kila jioni alipitisha kitambaa cheupe ndani ya vitundu, akakiinua kwenye mwanga. Jioni ya kwanza kilikuwa na punje. Ya pili, punje moja tu.

"Moja si nyingi," nikathubutu kusema.

"Beringi haijui kuhesabu. Rudia."

Mama alilala kwa dada yake, akija kila asubuhi kutusalimu na kuondoka bila swali. Jioni ya tatu kitambaa kilitoka safi. Fundi akakagua tena, na tena, kisha ndipo akaniruhusu kufunga.

Siku ya kuwasha, fundi aliegemeza mpini wa bisibisi sikioni na ncha yake kwenye injini, asikilize mlio wa ndani. Mama akawasha. Ilinguruma, ikatulia. Tuliiacha mpaka oili ikapata moto. Kisha tukaizima, tukamwaga ile oili yote, tukaichuja kwenye kitambaa. Haikuwa na kitu.

Mama aliondoka siku iyo hiyo. Mimi nilibaki gerejini. Kwa miezi mingi fundi alikagua kila nilichoosha, hata boliti za magurudumu, mbele ya wateja, na mimi nilisimama kando nikingoja aseme ni safi.