Tumbo Lililonishika Kibandani

Kabla ya kumaliza darasa la nane nilikuwa kijana wa kelele. Nilicheza mpira, nilimsaidia mama kupeleka ndizi sokoni Gakoromone, sikujua kitanda cha hospitali. Kitu kimoja tu kilininyima raha: wenzangu walikuwa wametahiriwa, nami bado niliitwa mwiji, mtoto tu. Hata salamu walininyima. Desemba ikafika, nikatahiriwa, nikaingizwa kibandani nyuma ya shamba la kahawa, nikae humo hadi nipone.

Kidonda kilipona vizuri. Kilichoniangusha ni tumbo. Uchungu ulianza kitovuni, ukahamia chini upande wa kulia. Nikatapika, homa ikapanda, nikawa natembea nimejikunja. Mlezi wangu, kijana aliyewekwa kunitunza, alisema najifanya. "Wewe ni mwanaume sasa. Vumilia." Nikavumilia. Jamani, nilitaka huo uanaume hadi nikauma blanketi!

Kwa desturi mama haruhusiwi kuingia humo. Aliacha chakula mlangoni, akaenda zake. Mimi sikuweza kumeza kitu, lakini vijana waliokuja kunipima ujasiri walifagia sahani zote. Mama akiziona tupu, anawaambia majirani mwanawe anapona, anakula sana. Nilimsikia akicheka hapo nje. Nililia kwa ndani.

Asubuhi moja uchungu ukakoma ghafla. Nikajua nimepona. Wapi! Baadaye tumbo lote likawa gumu kama ubao, nikaanza kutetemeka. Mama akaja na uji. Mlezi akanikazia macho. Nilijua nikiita, nitaitwa mwiji mpaka nizeeke. Nilijua pia kwamba nakufa.

"Mama, ingia. Nakufa."

Akaingia, hakuomba ruhusa ya mtu. Baba alipoitwa aliniangalia mara moja tu, akakimbia kutafuta pikapu ya jirani. Daktari aliyenipasua alisema kidole tumbo kilikuwa kimepasuka na usaha umeenea. Akamwambia baba, "Mngengoja jioni, mngemleta mochari."

Wenzangu walinicheka, ndiyo, hata uwanjani, hata kanisani. Kwa miaka mingi niliinamisha kichwa nikiwaona, na aibu hiyo ilichukua muda mrefu kupona kuliko kovu. Namshukuru Mungu, namshukuru mama. Nawe kijana unayeficha uchungu ili uonekane mkubwa, ita mtu leo. Wacha wacheke. Hakuna hata mmoja wao atakayelala kaburini kwa niaba yako.