Afande Asiye na Sauti

Mwenzangu alipofariki, na watoto wakiwa wameshahamia mbali, niligundua kwamba siku inaweza kuisha sijasema neno zaidi ya "marahaba". Nimefundisha shule ya msingi hadi nikastaafu, na kinywa changu kimezoea kueleza. Nikajikuta nawaeleza kuku kwa nini pumba zimechelewa.

Ndiyo maana nilianza kwenda kibanda umiza, Jumapili baada ya misa. Senta yetu ni ya wachimbaji wa dhahabu, iko njia ya Bugarama, na kibanda chenyewe ni mabati, mabenchi, runinga moja, na mama mwenye kibanda akiuza karanga mlangoni. Kwa kawaida anaonyesha mpira na zile filamu ambazo mtu wa mjini ameziwekea maneno ya Kiswahili. Lakini Jumapili moja, kwenye flashi aliyojaziwa Kahama, ikatokea filamu isiyo na rangi wala sauti. Mtu mwembamba, koti limemzidi, anakimbizwa na polisi mnene.

"Mama, sauti!" wachimbaji wakapiga kelele. "Spika umezipeleka ukweni?"

Nikasimama kama niko darasani. Nikawaambia haijaharibika. Zamani filamu zilikuwa hivi, hazisemi, na uso na miguu vilitosha. Tazameni huyo polisi anavyojivuta mkanda akimsogelea maskini, halafu mtazameni anavyonywea akitokea tajiri. Hapo ndipo wanapomcheka mkubwa, na wala hawajamtukana.

Wakatazama. Kisha jamaa mmoja anayesaga mawe ya dhahabu kwenye karasha akampa yule polisi sauti. "Kibali! Kibali chako kiko wapi?" Ilikuwa sauti ya mtendaji wetu wa kijiji, anayezunguka mashimoni akidai vibali vya kuchimba, mpaka kile kikohozi chake cha kuanzia. Watu walicheka hadi mabati yakalia.

"Na huyo mwembamba asemewe na mwalimu!" mtu akadakia. Nikamsemea.

Tangu hapo kila Jumapili waliomba filamu ileile. Jamaa wa karasha alikuwa afande, mimi nilikuwa mwembamba, na kila mara maneno yalikuwa mapya. Wiki nzima nilitunga majibu nikipalilia mihogo. Ilikuwa saa pekee ambayo nikisema kitu, mtu ananijibu. Niliogopa jambo moja tu, kwamba mtendaji atasikia na kukifunga kibanda.

Akasikia. Siku hiyo filamu ilikuwa imeshaanza alipoingia, peke yake.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

Akakaa benchi la mbele. Waliokuwa wamekaa hapo wakahamia nyuma polepole. Kwenye runinga polisi akatumbukia kwenye hori la maji ya farasi, na hakuna aliyecheka.

"Mbona leo haongei?" mtendaji akauliza.

Nikamwinamia, nikaanza kueleza kama kawaida yangu: ni filamu ya kale, polisi wa nchi za watu, hakuna anayesemwa hapa...

"Usihangaike, mwalimu. Siku hizi nimepanga chumba nyuma ya kibanda hiki, huwa nawasikia kupitia bati. Juzi nilimsikilizisha mke wangu kwenye simu, yuko Kigoma na watoto. Alicheka mpaka akashindwa kuongea."

Zamu ya mwembamba ikafika. Nikasema, "Afande, kibali nimekiacha nyumbani."

Jamaa wa karasha akainamia karanga zake. Mtendaji akakohoa, akajibu mwenyewe. "Nyumbani wapi? Twende sasa hivi!"

Alikuwa anaigiza. Nilikuwa karibu, niliyaona mabega yake yakicheka. Lakini sauti ilikuwa ile ya ofisini, hana nyingine. Nyuma kabisa mzee mmoja mwenye shimo lake la kuchimba akainuka, kofia mkononi.

"Ni kweli kiko nyumbani, mtendaji. Ngoja nikifuate."

Akatoka. Mwingine akatoka, na mwingine, karanga zao zikabaki kwenye mabenchi.

"Jamani, nilikuwa natania," mtendaji akaiambia migongo yao.

Tukabaki sisi wawili, na mama pale mlangoni. Tuliimaliza filamu hivyo hivyo, yeye akisema ya polisi kwa sauti ya chini, mimi nikimjibu. Alikuwa anaweza. Mara moja tulicheka pamoja, lakini kicheko cha watu wawili katikati ya mabenchi matupu kinakatika mapema. Alipoinuka akasema, "Waambie warudi, mwalimu. Sitaingia tena."

Iliwachukua muda kurudi. Nilipita kwenye makarasha nikiwaeleza taratibu, mmoja baada ya mwingine, kwamba hakuna kinachofungwa. Jamaa wa karasha naye akarudi kuwa afande, mwanzoni kwa woga, baadaye na kikohozi kilekile.

Mimi sikai tena mbele. Nakaa benchi la mwisho, mgongo kwenye bati la nyuma, na zamu yangu ikifika nasema kwa nguvu kuliko inavyohitajika. Mara nyingine watu wakishamaliza kucheka, nyuma ya bati bado kuna mtu mmoja anaendelea.