Kanga za Sare na Dhahabu ya Dada Mwanaidi

Sisi tuliokulia mtaa wa Balsall Heath, huku Uingereza, kabla simu hazijaanza kutulelea watoto, Jumapili zetu zilikuwa kwenye zulia la Bi Zuhura, jirani yetu wa mlango wa pili, tukiangalia tamthilia za mauaji ya vijijini Uingereza. Mnazikumbuka. Kijiji kina kanisa, maua kila dirisha, watu wanakunywa chai kwa adabu, na kila wiki mmoja anakutwa amekufa. Polisi hajui kitu mpaka jirani mbea aanze kuuliza maswali. Kiingereza cha Bi Zuhura kilikuwa cha sokoni, kwa hiyo tulimtafsiria huku tunatafuna visheti vyake. Mkalimani bora nilikuwa mimi, waulizeni wenzangu. Lakini muuaji yeye alimjua kabla yetu. "Huyo mwenye mbwa," atasema. "Mkewe kafa asubuhi, jioni anapiga pasi shati. Shati la kwenda wapi?" Na kweli, ni yeye.

Shule sikufika mbali, na leo nina gereji mbili na nyumba Harborne yenye bustani mbele na nyuma. Gari likinishinda navuta pumzi, nalinusa, nalisikiliza. Hayo sikufundishwa chuoni. Niliyaona kwa Bi Zuhura, siku moja kabla ya harusi ya dada yangu Mwanaidi.

Nyumba yetu ilijaa wanawake, wote wamevaa kanga za sare, mpya, bado zina ugumu wa dukani. Harufu ya udi ghorofani, vitunguu jikoni, watoto tunafukuzwa kila chumba. Upande wa bwana harusi walikuwa wameshaleta seti ya dhahabu: mkufu, herini na bangili. Mama hakuamini kabati wala benki. Aliifunga kwenye pindo la kanga yake tangu asubuhi, akazunguka nayo. Adhuhuri akaenda kutawadha, akaitundika ile kanga kwenye msumari wa mlango wa jikoni. Aliporudi kanga ipo, fundo hakuna.

Wanawake wote wakageukia mlango wa jikoni.

Pembeni ya mlango ule alikuwa amekaa Rehema, binti wa Tanga aliyekuja kusoma akawa analala kwetu. Mji huu hakuwa na ndugu hata mmoja. Alikuwa anamenya viazi.

"Hapa hajakaa mwingine," alisema shangazi yangu.

Begi la Rehema likamwagwa sebuleni, mpaka nguo zake za ndani, wanawake wanatazama. Hakikuonekana kitu. Mama akamwonyesha mlango. "Umeitoa nje. Chukua begi lako uende. Wakwe wanakuja kesho, nitawaambia nini mimi?"

"Niende wapi, mama?"

Alikusanya nguo zake, akatoka, akasimama kwenye mvua kando ya ukuta wetu. Nilimwona dirishani. Hakuwa analia, na hilo ndilo lililonitisha.

Bi Zuhura aliweka sahani chini. "Hebu nipeni hiyo kanga."

Akaipitisha vidoleni, pindo kwa pindo, taratibu mpaka shangazi akaguna. "Unapima ya kushona?"

"Wewe kula sambusa zako." Kisha akamgeukia Mama. "Ulifunga fundo tangu asubuhi?"

"Tangu alfajiri."

"Kanga mpya ikifungwa fundo toka alfajiri, pindo linajikunja kama sikio la mbuzi. Haya yote yamenyooka. Na asubuhi kanga yako uliifukiza udi, nilikuwepo. Inuse hii."

Mama akainusa. "Vitunguu."

"Basi si yako. Nani alikuwa anakaanga, na sasa simwoni?"

Alikuwa Mama Fara, Mkongomani wa Bukavu, aliyewahi basi la kurudi kwake Erdington. Lazima alitundika kanga yake msumari uleule, akaondoka na ya Mama.

Simu ya nyumbani kwake ililia mpaka ikakatika. Tukapiga tena. Yuko njiani, au ameshafika na kanga iko kwenye mashine ya kufulia? Na fundo likifunguka ndani ya basi, nani ataamini tena? Nje, Rehema amelowa, na hakuna aliyethubutu kumwita, maana bado haikuwa hakika. Mimi nilikuwa nimeshika pazia, namtazama.

Mara simu ikapokewa. "Ndiyo naingia sasa hivi, mama. Kanga? Iko mu saki, bado sijaigusa." Tukasikia zipu ya begi ikifunguka. "Mungu wangu. Kuko fundo, tena liko nzito."

Baba akachukua funguo za gari. Mama hakungoja dhahabu ifike. Alitoka bila viatu.

"Mwanangu, nimekukosea."

"Begi langu umelimwaga mbele ya watu, mama."

"Basi njoo nikuombe radhi mbele ya haohao."

Akamshika mkono, akamwingiza ndani, akamwomba radhi amesimama katikati ya sebule. Shangazi alikuwa anaangalia dari. Baba aliporudi, Mama hakuligusa lile fundo. Alimpa Rehema alifungue, akasema kesho yeye ndiye atakayemvisha bibi harusi. Na alimvisha.

Siku hizi mambo ni mepesi. Juzi kwenye kundi letu la simu kijana mmoja ametuhumiwa kuiba kamera ya harusini, picha yake ikazunguka mji mzima kabla chai haijapoa. Kamera ilikuwa kwenye buti la gari la mwenye kamera. Aliyeandika akafuta ujumbe, akaweka picha ya maua. Nikamuuliza mwanangu kama kuna mtu amekwenda kwa yule kijana. Akanijibu kwa Kiingereza chake, macho kwenye kioo cha simu, kwamba ujumbe umeshafutwa, kwani kuna nini tena.

Mama yangu aliingia mvuani bila viatu.