Sikio la Mzee Nundu

Watu walimwita Mzee Nundu tangu hajawa mzee, kwa sababu alikuwa akichukua kile ambacho maseremala wengine walikitupa: zile nundu zinazoota kwenye shina la mti kama uvimbe, ngumu, zimejaa mafundo, hazifai kwa kiti wala mlango. Yeye alizifunga kwenye mashine ya kukereza, akazizungusha, akazichonga nje kwa patasi, kisha akazikomba ndani hadi zikawa mitungi ya mapambo, myepesi ajabu, yenye maua ya mbao yaliyojipinda kila upande. Mdomo wa mtungi wake ulipitisha vidole viwili tu, na ukuta haukuzidi unene wa sarafu mbili. Wageni walimuuliza amewezaje kukomba mahali asipopaona. Naye, kwa kuwa majigambo hayakumpita mbali, alijibu, "Nani amewaambia nakomba kwa macho?"

Alikomba kwa sikio. Chuma kirefu chenye ncha iliyopinda kinaingia mdomoni mwa mtungi, na tangu hapo fundi haoni kitu. Ukuta ukiwa bado mnene, sauti ni nzito, ya kukoroma. Unavyopungua, sauti inapanda na kuwa nyembamba, na fundi anayejua kazi yake huacha hapo hapo. Lakini mbao ikiwa na ufa, au gome lililojificha ndani yake, hutoa mlio mwingine, tik, tik, tik, kama kucha juu ya meza. Ukisikia huo unazima mashine na kurudi nyuma, huulizi mtu. Mafundi waangalifu husimamisha mashine kila baada ya muda na kupima ukuta kwa waya uliopindwa. Mzee Nundu aliwacheka miaka thelathini. "Kipimo ni cha viziwi," alikuwa akisema, na karakana nzima ilivunjika mbavu.

Sasa kiziwi akawa yeye. Ilianza na birika. Aliingia jikoni akalikuta linatoa mvuke kama limepagawa, mkewe anakimbia kutoka uani akifoka, "Wewe mwanamume, birika linapiga mluzi umelikodolea macho tu!" Mluzi gani? Yeye aliona mvuke, basi. Baadaye zikaondoka sauti za wajukuu, halafu kengele ya mlangoni, zile nyembamba zote, moja baada ya nyingine. Alibaki na sauti nene: lori barabarani, nyundo, mngurumo wa mota. Hakumwambia mtu. Mezani alicheka wenzake walipocheka. Mkewe akimuuliza jambo, alitazama midomo yake, na asipoielewa alisema, "Fanya unavyoona." Mke alidhani ni ukaidi wa kawaida wa wanaume, na kusema kweli ni mke gani angedhani vinginevyo?

Angeweza kuchukua waya akapima kama wengine. Hakuna ambaye angekufa. Lakini angeuchukuaje mbele ya watu aliowasimanga miaka yote hiyo? Mitungi mitatu ilimtoboka mkononi mwaka huo, naye akaisukuma chini ya lundo la maranda kabla hajaja mtu. Usiku alikesha. Alijua kwamba siku moja mbao haitatoboka tu, itapasuka na kumrukia mtu.

Ndipo akamgeukia bintiye.

Binti huyu alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na tisa, mwembamba, mkimya, ambaye kwa miaka sita alikuwa akimsugulia mitungi kwa msasa na kuipaka mafuta. Mara nyingi alikuwa ameomba afundishwe kukomba, na baba alimwambia bado. Asubuhi moja Mzee Nundu alimwekea mkono begani. "Mama, kuanzia leo unakomba wewe. Mimi nitasimama hapa kukuongoza." Binti alifurahi hata machozi yakamlengalenga. Nyumbani mama yake aliona fahari, akawatangazia majirani kwamba mzee hatimaye amemrithisha mwanawe kazi.

Siri ya mzee ilikuwa nyingine. Alitaka masikio ya binti, ila hakutaka kuyaomba. Alikuwa amegundua kwamba binti akisikia kitu kigeni, nyusi zake hupanda. Hivyo alisimama upande wa pili wa mashine na kumtazama usoni. Nyusi zikipanda, alisema, "Acha hapo," na binti aliacha, akastaajabu jinsi baba asivyokosea. Tatizo lilikuwa kinga ya uso ya plastiki aliyovaa binti, yenye mikwaruzo mingi. Nyuma yake mzee hakuziona nyusi vizuri. Siku ya tatu akamwambia, "Hiyo ipandishe juu. Inaziba sauti. Mkomba mitungi hajifuniki." Binti akaipandisha. Angempinga kwa lipi, mtu aliyekomba mitungi tangu yeye hajazaliwa?

Mwezi mzima kazi ilikwenda bila doa, na hilo ndilo lililomharibu mzee. Alianza kuamini kwamba amepata dawa.

Kisha mkata magogo akaleta nundu kubwa kuliko zote alizowahi kumletea. Ilihitaji watu wawili kuishusha. Gome lake lilikuwa jeusi, na mkata magogo alisema mti wenyewe ulikuwa umekauka upande mmoja na mbichi upande wa pili.

"Mzee, hii siielewi," alisema, akaigonga kwa mpini wa shoka. "Sikiliza. Huku inajibu vingine. Kama kuna kitu kimeachana ndani."

Mzee Nundu aliinama, akaweka sikio kwenye gome. Ilikuwa kama kuweka sikio kwenye ukuta wa nyumba isiyo na mtu. Binti alikuwa amesimama pale, anamtazama.

"Umesikia?" aliuliza mkata magogo.

"Nimesikia. Ni unyevu tu."

Mkata magogo aliguna. Alimtazama binti, akaitazama tena ile nundu, akasema yeye si fundi, akaondoka zake.

Waliichonga nje kwa siku mbili, na uzuri wake uliwanyamazisha. Maua yalifunguka kila chuma kilipopita, mekundu na ya manjano, yenye vijicho vidogo vidogo vilivyosongamana. Mahali pamoja, karibu na bega la mtungi, palikuwa na mstari mweusi mwembamba kama unywele. Mzee Nundu aliugusa kwa ukucha. Moyo ulimwambia aupasue, autazame. Akaupuuza moyo wake, akamwambia binti aanze kukomba.

Walianza kukomba adhuhuri, jua limejaa dirishani, vumbi la mbao linaelea. Binti alisimama na chuma chake kirefu, mpini ameubana kwapani, kinga ya uso ameipandisha kichwani kama kofia. Baba upande wa pili. Mtungi ulizunguka katikati yao. Maranda yalitoka mdomoni mwake kidogo kidogo, kila mara walisimama wakayapuliza nje, wakaendelea. Saa nzima ikapita hivyo.

Nyusi za binti zikapanda.

Mzee alifungua mdomo aseme aache. Lakini nyusi zikashuka, zikapanda tena, na binti akamtazama yeye. Midomo yake ikasema jambo, na mara hii aliisoma vizuri kabisa: "Baba, unasikia?"

Hapo ndipo angesema ukweli. Neno moja lingetosha, hapana, na mkono kwenye swichi. Ila nyuma ya binti alikuwa ameingia fundi jirani, mmoja wa wale watu wa waya, kaegemea mlango anatazama. Mzee Nundu alimwona. Akatabasamu, akamtikisia binti kichwa kwa kukubali.

"Nasikia. Endelea, ukuta bado mnene."

Uso wa binti ukatulia. Akasukuma chuma ndani.

Mlipuko ule hata mzee aliusikia. Bega la mtungi liliachana kwenye ule mstari mweusi, na kipande cha ukubwa wa kiganja kikaruka. Alipozunguka mashine, binti alikuwa amepiga magoti kwenye maranda, mikono miwili usoni, na fundi jirani alikuwa anapiga kelele ambazo kwa mzee zilikuwa mdomo mtupu uliofunguka.

Hospitalini daktari aliongea na mke, si naye. Mzee Nundu alitazama midomo ya daktari akapata maneno mawili, jicho na pole, na hayo yalimtosha.

Walipowaruhusu kuingia, binti alikuwa amelala chali, nusu ya uso imefungwa bandeji, mashavu na midomo imevimba. Jicho moja lililobaki wazi likamtafuta baba yake. Akasema kitu. Mzee akainama. Akasema tena, taratibu, na mzee akaikazia macho ile midomo iliyovimba, lakini haikusomeka. Mara ya tatu akaona chozi linateremka kutoka kwenye lile jicho zima.

Akamgeukia mkewe.

"Mke wangu, sisikii," alisema. "Mwaka na nusu sasa, sisikii. Niambie mwanangu anasema nini."

Uso wa mkewe ukabadilika pole pole, kama mtu anayehesabu siku zote za mwaka na nusu. Kisha akamsogelea, akamshika kichwa kwa mikono miwili na kupaza sauti sikioni mwake, hata wagonjwa wa vitanda vingine wakageuka.

"Anasema alisikia! Mbao ilikuwa inalia, na yeye aliisikia! Anasema alikuwa anataka kuacha, akakutazama wewe!"